Tusiuze Ufundi kwa Kilo
Mnunuzi wa vyuma chakavu alitaka kuipima kwa mizani BSA Bantam ya marehemu baba. Nilikataa katakata. Sasa naifungua uani pamoja na wanangu: kabureta twaiosha kwa petroli, kutu twaiondoa kwa msasa, nati twazipanga makoponi. Majirani wanacheka.

Wajue kwamba Bantam, iliyoundwa Uingereza tangu 1948 hadi 1971, iliigwa kutoka DKW RT 125 ya Ujerumani. Yamaha nayo ilianza mwaka 1955 kwa kuiga hiyo hiyo. Mataifa hayo yalijifunza kwa kufungua chombo cha mwenzao. Sisi vyetu twaviuza kwa kilo!

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Wazazi, wapeni watoto spana.