Askari katika Riwaya, Mwandishi Nyumbani

Juma lililopita, baada ya swala ya alasiri, tulikaa barazani Kengeja pamoja na vijana waliokuwa wamemaliza kusoma Peponi, tafsiri ya Dk. Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Mwisho wa kitabu kile kijana Yusuf anawakimbilia askari wa Kijerumani wanaopita na mateka wao. Kijana mmoja akatuuliza: “Huyu mwandishi alikuwa jeshini lini?”

Hakuwahi kuwa jeshini. Swali hilo, hata hivyo, lina haki yake, kwani wako waandishi waliouandika uaskari kwa majeraha yao wenyewe. Erich Maria Remarque aliingizwa katika jeshi la Ujerumani angali kijana, akajeruhiwa mwaka 1917, na riwaya yake ya mwaka 1929 inanuka matope ya mahandaki. Wapo wanaoshikilia kwamba asiyepigana asiandike vita. Sisi hatukubaliani nao. Watu wa Kengeja wanaujua mchezo wa ng'ombe: anayemchezea ng'ombe huziona pembe tu, aliyekaa pembeni ndiye auonaye uwanja mzima, na mama wa mchezaji akiwamo.

Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948. Alikulia miongoni mwa wazee walioikumbuka vita ya 1914 hadi 1918, ile iliyoizamisha manowari ya Pegasus katika bandari ya Unguja. Mapinduzi ya 1964 yalimkuta na umri wa miaka 15. Akiwa na miaka 18 aliondoka kwenda Uingereza, na hakuweza kurejea hadi mwaka 1984, akamdiriki baba yake muda mfupi kabla hajafariki. Mtu aliyeishi hivyo anakijua vyema kitu kimoja kuhusu vita: kungoja.

Isome Afterlives, aliyoitoa mwaka 2020, mwaka mmoja kabla ya Tuzo ya Nobeli, kwa jicho hilo. Ilyas anakwenda kupigana upande wa Wajerumani, naye dada yake Afiya anabaki nyuma. Miaka inapita, hakuna habari. Hamza anajiunga na askari kwa hiari, anajeruhiwa kwa upanga, si na adui bali na mkubwa wake mwenyewe, kisha anarudi katika mji alioishi zamani na kuomba kazi katika ghala la mfanyabiashara. Mapigano yamo, na ukatili wake haukufichwa, lakini kurasa zilizotugusa zaidi ni za ghalani na za nyumbani: mwanamume asiyejua aanzie wapi kueleza alikokuwa, na mwanamke anayejua kutomhimiza. Hamza anarudi mahali ambapo karibu hakuna amjuaye. Hatudhani mwandishi alihitaji kwenda vitani ili aandike marejeo hayo. Lakini asingaliondoka kwao, shaka tunayo kama angaliyaandika hivyo.

Tulipokuwa tukiyasema hayo, mzee mmoja aliyenyamaza muda wote alijisogeza. Alisema kaka wa babu yake alichukuliwa na Waingereza kwenda bara kubeba mizigo ya jeshi, katika hao wapagazi ambao jina la kikosi chao limebakia Kariakoo ya Dar es Salaam. Hakurudi. Kanzu yake ilikunjwa na kuwekwa sandukuni, na kila mwaka bibi wa nyumba ile aliitoa akaianika juani, akairudisha, hadi alipofariki.

“Ilikuwa kanzu mpya,” alisema mzee. “Hakupata kuivaa.”

Mjukuu wake, ambaye ndiye yule aliyetuuliza swali, akamtazama. Alisema ameishi naye nyumba moja tangu kuzaliwa, na kisa hicho ndiyo mara ya kwanza kukisikia.

“Hukuniuliza,” akajibu mzee.