Paka Hajarogwa, Mtazame Masikio

Najua wengi mlitarajia kusoma hapa juu ya nidhamu au mapenzi. Mimi leo namtetea paka. Chekeni, lakini msome mpaka mwisho.

Hapa Kendu Bay paka si pambo la nyumba. Mahindi yakiwekwa ghalani panya huja, na anayekesha ni paka. Mshahara wake ni vichwa vya samaki na omena zilizobaki. Lakini siku akianza kutikisa kichwa na kujikuna masikio usiku kucha, watu husemaje? Ati amerogwa! Wengine ati ana kichaa. Basi anatiwa guniani na kutupwa sokoni au kando ya ziwa. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke, na hapa punda ni sisi.

Maoni yangu ni kwamba paka huyo ni mgonjwa, na ugonjwa wake unatibika. Mara nyingi ni utitiri wa masikio. Katika baiolojia ya Kidato cha Tatu tunasoma kuhusu araknida: kupe, buibui na nge. Utitiri ni wa jamii hiyo hiyo, ila ni mdogo mno. Hukaa ndani ya sikio, nalo sikio hujaa uchafu mweusi kama kahawa ya unga iliyolowa. Paka uchafu huo kwenye karatasi nyeusi, utazame kwa lenzi ya mkono. Utaona vitone vyeupe vinatembea. Kama huo ni uchawi, basi ni uchawi wenye miguu minane!

Tena kumtupa hakusaidii. Utitiri huambukizwa kwa kugusana, kutoka paka hadi paka na hata kwa mbwa. Ukimtupa wako kwa jirani umehamisha ugonjwa tu, na kesho utarudi kwako.

Jambo la pili linaloniudhi ni dawa za kubahatisha. Mafuta ya taa, oili chafu ya gari, dawa ya kuogeshea ng'ombe, vyote hutiwa masikioni. Paka hujiramba, kwa hiyo kinachopakwa mwilini huishia tumboni. Dawa yenye permethrini, ambayo mbwa huivumilia, inaweza kumwua paka. Wengine hununua sindano ya ng'ombe ya ivermektini. Ni dawa nzuri kweli. Waliovumbua asili yake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini ng'ombe wa kilo 300 ni sawa na paka 100 wa kilo tatu. Nani atakisia kipimo hicho kwa macho? Apime daktari wa mifugo.

Najua mtaniuliza: pesa za daktari zitoke wapi na karo bado haijalipwa? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba majirani watano wakimwita daktari siku moja, gharama ya safari yake hugawanywa. Tena tangu Katiba ya 2010 huduma za mifugo ni kazi ya kaunti, kwa hivyo afisa akija kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, mwonyesheni na masikio.

Kazi nyingine ni ya nyumbani. Tia matone machache ya mafuta ya kupikia yaliyo vuguvugu, usugue sikio kwa nje, kisha upanguse kwa pamba pale unapoona tu. Usichokoe ndani kwa kijiti. Sikio likitoa usaha au harufu mbaya, usitie kitu. Mpeleke kwa daktari. Tibu wanyama wote wa boma kwa wakati mmoja, ufue matambara wanayolalia na kuyaanika juani. Usiache dawa kabla ya siku ulizoambiwa, kwa maana yai la utitiri huchukua karibu wiki tatu kukomaa. Na paka mgeni akaguliwe masikio kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Lakini jamani, kichaa cha kweli kipo. Mnyama anayeshambulia ovyo, anayetoka mate au kushindwa kumeza, msimguse. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kimbia hospitalini.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Tupeni Jumamosi moja na lenzi za maabara, tupite katika maboma yaliyo karibu na shule tukague masikio ya paka, mbwa na sungura. Sisi wa shule ya kutwa twarudi nyumbani kila jioni. Elimu ya maabara isibaki nyuma ya lango.