Wacheni kupima watu HIV na macho

Wasee wa 46, hii ni yenu. Mtu akipanda mat Kawangware na madoa meusi mguuni, kabla mfike tao mshamsomea kesi: "Huyo ako nayo." Nani aliwapa maabara?

Hayo madoa yanaweza kuwa Kaposi, saratani inayoletwa na virusi vya HHV-8. Si HIV. HHV-8 hupita sana kwa mate, na huku kwetu wengi huvipata wakiwa watoto, na wengi wao hawaugui kamwe. HIV ikishusha kinga, Kaposi hupata nafasi kubwa, hiyo sikatai. Lakini madaktari walikutana Kampala kuijadili 1961, miaka 20 kabla dunia ijue ukimwi. Hao wagonjwa wa wakati huo mngewaitaje?

Juu ya mdomo wenu, mtu anavaa soksi ndefu, ananunua krimu River Road, miezi inapita. Na matibabu yapo! Mwenye HIV akianza ARV mapema, mara nyingi madoa hupungua. Yakizidi, kuna kemo. Krimu haifanyi kitu.

Kama una doa jeusi au la zambarau, haliumi wala haliishi, nenda hosi wakate kipande kidogo wapime. HIV pia wakupime hukohuko, si kwa mat.