Sindano za Wachina: mgonjwa ana haki ya kuuliza kabla ya kulala kitandani

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, maumivu ya mgongo si habari mpya. Msukuma chukudu wa Goma, motari anayekaa juu ya pikipiki tangu asubuhi mpaka usiku, mama anayebeba gunia la makala: wote wanajua maumivu ambayo paracetamol haiyamalizi. Ndiyo maana akupunktura, tiba ya sindano kutoka China, inapotajwa, watu wanatega masikio. Wengine wanaisifu kama muujiza, wengine wanaiita uchawi. Pande zote mbili zinakosea, na anayelipa kosa hilo ni mgonjwa.

Tiba hii ni ya zamani. Wachina waliiandika katika vitabu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na mwaka 2010 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Lakini uzee wa dawa haumponyeshi mtu. Artemisinin, inayotibu malaria hapa kwetu kila siku, nayo ilitoka katika majani yaliyojulikana na Wachina wa kale. Haikukubaliwa kwa sababu ya uzee wake. Ilikubaliwa kwa sababu ilipimwa, na Tu Youyou aliyeongoza kazi hiyo alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Sindano nazo zipimwe kwa mizani hiyohiyo.

Mizani inasema nini? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 uliunganisha majaribio 39 yenye wagonjwa zaidi ya 20,000. Ulionyesha kwamba sindano zinapunguza maumivu ya muda mrefu ya mgongo, shingo, goti na kichwa. Ulionyesha pia kwamba tofauti kati ya sindano za kweli na zile za kuigiza ni ndogo. Mwezi Desemba 2023, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilisema tiba hii inaweza kutolewa kwa watu wazima wenye maumivu ya mgongo yasiyokwisha, pamoja na njia nyingine kama mazoezi ya mwili. Basi, ni msaada kwa maumivu fulani. Haiui vijidudu vya malaria wala vya kifua kikuu, na haishiki nafasi ya dawa za sukari, tansio au SIDA.

Anayekwenda mara ya kwanza ajue kinachomngojea. Mganga wa kweli haanzi na sindano, anaanza na maswali: maumivu yalianza lini, mgonjwa analala namna gani, anatumia dawa gani. Wengi wanaangalia ulimi na kushika mshipa wa mkono. Hapo ndipo mgonjwa anapaswa kusema kama ana mimba, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama ana ugonjwa wa kutoka damu au kifaa cha moyo mwilini. Kuficha ni kujihatarisha.

Baadaye analala, na sindano zinaingizwa, mara nyingine mbali na mahali panapouma: mguuni kwa ajili ya mgongo, mkononi kwa ajili ya kichwa. Sindano hizo ni nyembamba sana kuliko zile za hospitali, na hazina dawa ndani. Mtu anaweza kusikia kuchomwa kidogo, kisha uzito au ganzi. Maumivu makali si kawaida. Akiyasikia, aseme mara moja. Sindano zinabaki kama dakika 20 hadi 30. Tone la damu, alama ya bluu au kizunguzungu vinaweza kutokea, kwa hiyo ni vizuri kula kidogo kabla ya kwenda. Nafuu haiji lazima siku ya kwanza. Kwa kawaida mtu anarudi mara kadhaa kwa majuma, na gharama inaongezeka kila mara. Aulize bei yote tangu mwanzo, na kama baada ya mara tano au sita hakuna mabadiliko, asione haya kuacha.

Jambo moja halina mjadala: sindano itumike mara moja tu, kisha itupwe. Mgonjwa aone paketi ikifunguliwa mbele ya macho yake. Sindano iliyopita katika mwili wa mtu mwingine inaweza kuleta ugonjwa wa ini aina ya B au SIDA. Mganga anayekasirika kwa sababu ya swali hilo amekwisha kujibu. Na yule anayechoma kifua bila ujuzi anaweza kutoboa pafu. Ni jambo la nadra, lakini limekwisha kutokea.

Hatari kubwa zaidi ni kuchelewa. Mgongo unaouma pamoja na homa na kukonda unaweza kuwa na kifua kikuu cha mifupa, ugonjwa unaotibiwa kwa dawa. Miguu ikipoteza nguvu, au mtu akishindwa kuzuia mkojo, aende hospitali siku hiyohiyo. Kila juma linalopita juu ya kitanda cha sindano linaweza kumwachia ulemavu wa maisha. Anayemwambia mgonjwa aache vidonge vyake ili sindano zifanye kazi anauza kifo, hata kama ukuta wake umejaa vyeti.

Mzigo huu usibaki mabegani mwa wagonjwa peke yao. Waganga wakuu wa zoni za afya wanajua namna ya kukagua farmasia na vituo. Wakague na vyumba vya sindano. Waangalie nani anachoma, alisomea wapi, na sindano zilizotumika zinatupwa wapi. Mwenye kazi safi hatapoteza kitu kwa ukaguzi huo, na atapata wagonjwa wenye imani. Wakati huo ukingojewa, kila mgonjwa afungue kinywa chake kabla ya kufungua vifungo vya shati.