Kisanduku cha kuchaji motokari kisiwe mateka wa kampuni moja

Mtu wa Marekani aliyefunga kisanduku cha kuchaji cha Tesla kwenye ukuta wa nyumba yake, kisha akanunua motokari ya Ford au ya Hyundai, hujiuliza swali moja: je, kisanduku kile kitaichaji motokari hii mpya? Jibu, mara nyingi, ni ndiyo. Lakini miaka kumi nzima wanunuzi walilazimika kuuliza, na swali hilo lina somo kwa Wakongomani, hata wale ambao hawajawahi kuona motokari ya umeme kwa macho yao.

Wengi wanafikiri kisanduku cha ukutani ndicho kinachojaza betri. Sivyo. Umeme wa nyumbani ni wa AC, na betri inataka umeme wa DC. Kazi ya kuugeuza inafanyika ndani ya motokari yenyewe. Kisanduku ni kama mlinzi wa mlangoni: kinahakikisha kwamba fishi imeingia vizuri, kinaiambia motokari iruhusiwe kuvuta ampea ngapi, na kinakata umeme kukitokea hatari. Mazungumzo hayo kati ya kisanduku na motokari yanafuata kanuni moja, ambayo kule Marekani inaitwa J1772, na Ulaya wana kanuni inayofanana nayo. Kwa upande wa umeme, basi, Tesla na Ford walikuwa wanaelewana toka zamani.

Kilichowatenganisha ni umbo la fishi. Mwaka 2012, Tesla ilipotoa motokari yake ya Model S, ilichagua fishi yake yenyewe, wakati kampuni nyingine zilikuwa zinatumia ile ya J1772. Mwezi wa Novemba 2022 Tesla ilifungua mchoro wa fishi hiyo ili kampuni nyingine ziweze kuitumia. Mwezi wa Mei 2023 Ford ikakubali, General Motors ikafuata mwezi wa Juni, na kabla ya mwaka kwisha fishi hiyo ikapata jina la kanuni ya wote: J3400. Mwaka huohuo Tesla ikaanza kuuza kisanduku cha nyumbani chenye fishi za aina zote mbili.

Umeme haukubadilika hata kidogo katika muda huo. Kilichobadilika ni uamuzi wa wakubwa wa kampuni. Ukuta uliowasumbua wanunuzi ulikuwa wa biashara, haukuwa wa ufundi.

Wenye kuitetea kampuni wanasema kwamba aliyetumia feza zake kutengeneza kitu kizuri ana haki ya kukilinda. Hoja hiyo ina uzito. Fishi ya Tesla ilikuwa ndogo na nyepesi kuliko ile nyingine. Lakini tuangalie Ulaya. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulitoa sheria iliyochagua fishi moja, inayoitwa Type 2, kwa vituo vya hadhara vya umeme wa AC. Tesla haikufunga maduka yake ikaondoka. Ilitengeneza motokari zenye fishi hiyo na kuendelea kuuza. Serikali zikisema mapema, kampuni husikia. Zikinyamaza, anayelipa mara mbili ni mnunuzi: analipa motokari, halafu analipa kisanduku kingine ama adapta.

Na adapta si kitu cha kununua ovyo sokoni. Kisanduku cha ampea 48 kinataka adapta inayoweza kubeba ampea 48 au zaidi, tena kwa saa nyingi za usiku. Iliyo dhaifu inapata moto, inayeyuka, na inaweza kuunguza nyumba. Adapta ya nyumbani pia haifai kwenye vituo vya barabarani vya kuchaji haraka kwa umeme wa DC.

Kongo inaingiaje hapo? Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika ardhi ya Lualaba na Haut-Katanga, na sehemu kubwa yake inaenda kwenye betri. Madini yanatoka, na siku moja motokari zitarudi. Zile zilizotengenezwa kwa soko la China huja na fishi ya GB/T, ambayo kwa macho inafanana na ile ya Ulaya lakini haiingiliani nayo. Za Ulaya huja na Type 2. Za Marekani huja na J1772 ama J3400. Zikiingia zote bila mpango, kila mwenye motokari atatafuta kisanduku cha aina yake. Mwenye kibanda cha kuchaji telefone katika mitaa ya Bukavu au Lubumbashi anaijua hali hiyo: zamani alihitaji fungu zima la nyuzi, kila telefone na mdomo wake.

Wamotari nao wanahusika. Jirani, mjini Kigali, pikipiki za umeme hubadilishiwa betri kwenye vituo. Kama betri ni ya kampuni moja tu na kampuni hiyo ikifunga, dereva anabaki na chuma kisichotembea, na deni juu.

Wengine watasema: umeme wenyewe haupo, tunajadili fishi ya nini? Ni kweli kwamba nyumba nyingi hazina umeme, na hata zile zilizounganishwa hukatiwa mara kwa mara. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuamua sasa. Penye umeme kidogo, kisanduku kimoja kinapaswa kuhudumia motokari yoyote inayofika. Kuchagua kanuni kabla magari hayajajaa ni kazi ya karatasi. Kuchagua baadaye ni kung'oa vifaa ambavyo watu wamekwisha kuvilipia.

Serikali ina chombo cha kukagua bidhaa zinazoingia, OCC. Pamoja na wizara zinazohusika, na kwa kuongea na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, inaweza kuchagua fishi moja kwa umeme wa AC, na kumlazimisha kila anayeleta motokari ya aina nyingine atoe adapta iliyopimwa. Betri za pikipiki nazo ziwekewe kanuni yake.

Mnunuzi naye, kabla ya kutoa feza, aulize mambo matatu: fishi ni ya aina gani, motokari inavuta ampea ngapi, na kisanduku kinakubali motokari za kampuni nyingine au kimefungwa. Muuzaji asiyeweza kujibu, asilipwe.