SOKO LISILO LA UMMA

Tarehe 22 Machi, 1954, karibu na Detroit, mji wa viwanda vya magari huko Marekani, lilifunguliwa soko la namna mpya lililoitwa Northland. Twalitaja leo kwa sababu masoko ya mfano wake yamekwisha ota mizizi hata Nairobi na Dar es Salaam, na wengi waingiao humo hudhani wamo barabarani, kumbe wamo uani kwa mtu.

Northland lilijengwa na kampuni ya J. L. Hudson, yenye duka maarufu katikati ya mji, katika kitongoji cha Southfield, ng'ambo ya barabara ya Eight Mile iliyo mpaka wa Detroit. Mchora ramani alikuwa Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna, aliyemkimbia Hitler mwaka 1938. Yeye hakuwa na nia mbaya. Aliweka bustani, masanamu na viti, akitumaini kwamba watu wa vitongojini, kila mmoja na gari lake, watapata mahali pa kukutana. Wakaja kwa maelfu. Lakini wakati ule Wamarekani weusi walizuiliwa kununua nyumba katika vitongoji vingi vya namna hiyo, na asiye na gari alifika kwa taabu. Tena mwaka ule ule sheria ya kodi iliwaruhusu wenye majengo mapya kupunguza thamani yake upesi katika hesabu zao, na fedha zikazidi kukimbilia nje ya miji. Duka la Hudson la mjini lilifungwa mwaka 1983. Northland lenyewe lilifungwa mwaka 2015.

Jambo linalotuhusu zaidi sisi wafanya kazi ni hili. Mwaka 1968 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua kwamba wanachama wa chama cha wafanya kazi wana haki ya kusimama na mabango ndani ya soko la Logan Valley, huko Pennsylvania, mbele ya duka lililoajiri watu wasio wa chama. Hukumu iliandikwa na Jaji Thurgood Marshall, yule yule aliyewashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba, London, mwaka 1960. Alisema soko lile limechukua nafasi ya mtaa wa biashara wa mji. Hoja hiyo haikudumu hata miaka kumi. Mwaka 1976, katika shauri la wagomaji wa kampuni ya viatu karibu na Atlanta, mahakama ile ile iliamua kwamba katiba haiwalindi wagomaji ndani ya soko la mtu binafsi. Marshall alipinga, akashindwa kwa kura.

Basi twauliza: mtaa ukihamia ndani ya ukuta wa tajiri, mfanya kazi atasimama wapi? Mlimani City, iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2006, imejengwa juu ya ardhi ya Chuo Kikuu, yaani ardhi ya umma. Twataka kila mkataba wa kukodisha ardhi ya namna hiyo, kabla haujatiwa sahihi, uandikwe wazi kwamba viongozi wa vyama vya wafanya kazi wataingia na kuzungumza na wauzaji, wafagiaji na walinzi bila kuomba ruhusa ya mwenye jengo.