Risala ya Waandishi, Waimbaji na Wasanii wa Songea kwa Mkuu wa Mkoa wa Ruvuma Kuhusu Matusi na Masimango Yanayonyamazisha Vipaji

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mstahiki Meya wa Manispaa, viongozi wa dini, wazee wetu wa mila, walimu na wazazi mliohudhuria,



Tunaosoma risala hii ni waandishi wa hadithi na mashairi, watunzi wa nyimbo za kwaya, wacheza lizombe na mganda, akina mama wa kioda, wachoraji, na vijana wa muziki wa kizazi kipya. Tumetoka Bombambili, Mfaranyaki, Lizaboni, Mjimwema na kata nyingine za mji huu, na wenzetu wachache wamepanda gari alfajiri kutoka Peramiho na Namtumbo. Risala za wasanii huomba ukumbi, vyombo na mikopo. Hayo nayo tunayahitaji, ila tutayaleta siku yake. Leo tuna shauri ambalo tumelionea aibu kwa miaka mingi: matusi, kejeli na masimango tunayopata kwa watu wetu wa karibu, nyumbani, darasani na hata kwenye vikundi vyetu wenyewe, hadi mtu anafunga daftari lake asilifungue tena.

Mheshimiwa, tueleze yanavyotokea. Msichana wa kidato cha pili aliandika hadithi ya Mkomanile, mwanamke aliyenyongwa na Wajerumani pamoja na manduna, yaani majemadari, wa vita ya Majimaji. Mwalimu akaikuta nyuma ya daftari la hesabu, akaisoma mbele ya darasa huku akibana sauti, darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo akawa "Shaaban Robert wa kike" mpaka anamaliza shule. Hakuandika tena. Kijana mpiga gitaa huambiwa kila jioni, mbele ya wadogo zake, kwamba yeye ni mhuni, kwamba wenzake wamevuna mahindi na kuezeka bati, yeye anangoja ugali wa baba. Mama mmoja alitunga nyimbo ambazo waumini walizipenda. Mumewe hakuwahi kumpigia kelele. Kila Jumamosi akirudi mazoezini alimuuliza kwa sauti ya chini, "Unaimba ili nani akuone?" Mwaka haukwisha mama yule akaacha kwaya, na majirani wakaambiwa amechoka.

Wote watatu hawakupigwa hata kofi. Hawana jeraha la kuandikiwa fomu ya polisi ya PF3, hawana shahidi, na wakisema huambiwa wana moyo mwepesi. Ndiyo maana tumeona tuseme kwa pamoja.

Tunaomba mtuelewe hapa, kwa sababu hapa ndipo madhara yenyewe yalipo na ndipo yasipoonekana. Kila mtunzi hutunga vibaya kwanza. Ubeti wa kwanza huwa umepinda, wimbo mpya huwa hauna shingo wala mkia, sura ya kwanza ya hadithi huandikwa mara nyingi ndipo isomeke. Kazi hiyo inataka mtu awe na mahali pa kukosea bila kuchekwa. Aliyezoeshwa kudharauliwa hana mahali hapo, hata akijifungia chumbani peke yake, kwa sababu sauti ya mdhihaki ameshaibeba kichwani. Anaanza sentensi, anasikia kicheko, anaifuta. Kesho anaifuta kabla ya kuiandika. Baadaye anasema mwenyewe, "Yale yalikuwa mambo ya utoto," na ukoo mzima unafurahi kwamba sasa amepata akili. Ukoo hauwezi kuhesabu kilichopotea, maana hakikupata hata kuzaliwa.

Hatuombi kusifiwa. Mtu akituambia wimbo umekosa mizani, mhusika wa hadithi hana sababu ya kufanya alivyofanya, rangi zimegombana, tunamshukuru na tunarudi kazini. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi, washairi walioshikilia vina na mizani walimkatalia kwamba yale si mashairi. Mabishano yalikuwa makali, yakaendelea miaka mingi, na ushairi wa Kiswahili ulitoka humo ukiwa mpana zaidi. Riwaya yake ya Rosa Mistika ya mwaka 1971 ilizuiwa shuleni, kisha baadaye ikaja kufundishwa. Yale yalikuwa mabishano juu ya kazi. Sisi tunalalamikia maneno yanayoiruka kazi na kumpiga mtu: mhuni, kichaa, malaya, mvivu, huna faida, nani atakusikiliza wewe.

Mara nyingi tunajibiwa kwa mfano wa mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad. Huyo alitoka Fumba kwenye umaskini, washindani wake wakamtungia nyimbo za kumcheka sura na asili yake ya shamba, naye akawajibu kwa wimbo, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Basi, wanatuuliza, mbona yeye hakunyamaza? Tunamheshimu sana Siti, na kwa sababu tunamheshimu tunajibu swali hilo bila kuzunguka. Siti alikuwa mtu mzima mwenye wapigaji wake na wasikilizaji wake. Waliomkejeli walikuwa waimbaji wenzake, na walitumia silaha ileile aliyokuwa nayo yeye. Mtoto hawezi kumjibu mwalimu wake kwa wimbo. Mke anayemtegemea mume kwa chumvi na ada za watoto hawezi kumtungia mumewe ubeti. Tena tunawajua walioshinda kwa sababu walishinda. Walionyamazishwa hawana nyimbo za kuwatetea.

Mheshimiwa, mji huu una sababu yake ya kulijali jambo hili. Umebeba jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, na kila Februari 27 tunakusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka mashujaa. Vita ya Majimaji ilipopandishwa jukwaani kwa tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mwaka 1969, ilichukua sura ya upande wa mashariki alikotokea Kinjeketile. Tunaipenda tamthilia hiyo. Lakini vita ya huku, ya Wangoni, ya Mkomanile na ya wajane waliobaki na njaa mashamba yalipochomwa, inawangoja watoto wa Ruvuma waiandike. Mmoja wao alianza, nyuma ya daftari la hesabu.

Tunayodai hayahitaji sheria mpya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inapoeleza unyanyasaji wa mtoto, inataja matusi sambamba na vipigo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inautambua ukatili wa kiakili kuwa miongoni mwa dalili za ndoa iliyovunjika. Mpango wa Taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza 2017/18, uliweka kamati za ulinzi hadi kwenye kata na mitaa. Tunachokosa ni mtu wa kuyasoma maneno hayo na kuyatenda hapa Songea.

Kwa hiyo tunadai kwanza kwamba Afisa Elimu wa Manispaa aandike waraka kwa shule zote, za serikali na za binafsi, upige marufuku kazi ya mwanafunzi kusomwa mbele ya wenzake kwa kumdhihaki. Mwalimu asahihishe kwa kalamu, amwite mtoto, amwonyeshe kosa. Malalamiko ya wanafunzi yasiishie mezani kwa mkuu wa shule peke yake. Yamfikie na afisa ustawi wa jamii. Kwenye mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, mtoto anayeshindwa kwenye kwaya au ngoma aambiwe amepungukiwa nini na aongeze nini, asiondoke na kicheko cha majaji masikioni.

Pili, dawati la jinsia na watoto la polisi lipokee maelezo ya mtu anayetukanwa mfululizo, liyaandike, liwaite wahusika. Tunajua polisi hawawezi kumkamata kila mwenye mdomo mchafu, na hatuwaombi hivyo. Ila mama anayekwenda pale asirudishwe kwa swali la "Kwani amekupiga?" Kamati za kata nazo ziache kungoja damu.

Tatu, kwa vikundi vyetu tunataka ukali zaidi, kwa kuwa huko hatuna wa kumsingizia. Viongozi wa ngoma na walimu wa kwaya wanaotukana wachezaji matusi ya nguoni na kusema ndivyo walivyofundishwa wamefukuza watu wengi kuliko umaskini ulivyofukuza. Afisa Utamaduni asikipe kikundi barua ya utambulisho wala nafasi kwenye sherehe za serikali kama katiba yake haina kifungu cha kukataza matusi na njia ya kumwondoa kiongozi anayekivunja.

Tunaomba pia chumba kimoja, kwenye maktaba ya mkoa au kwenye makumbusho, alasiri moja kwa wiki, ambapo wanaoanza watasomeana na kuimbiana kazi ambazo hazijaiva. Hatuhitaji bajeti kwa hilo. Tunahitaji ufunguo na benchi, na tutasimamia wenyewe kanuni kwamba kinachosemwa ni juu ya kazi. Yule mama wa kwaya ameahidi kuja endapo chumba kitapatikana, na ametuomba tusimtaje jina.

Kwa mapadri, wachungaji na masheikh hatuna amri, tuna ombi: mnapohubiri juu ya amani ya nyumba, mtaje na ulimi, mkiwatazama wanaume na wazazi.

Tunaomba majibu ya maandishi ya Ofisi yako kabla ya kumbukizi ya Majimaji ya Februari ijayo, yakieleza lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani, na nani amekabidhiwa kulitekeleza.



Waandishi, waimbaji na wasanii wa Manispaa ya Songea